Kununua Ardhi Kenya na Wewe si Raia

Mtanzania wa Tanga mwenye jamaa Mombasa, Mganda aliyefanya biashara Nairobi miaka nenda miaka rudi, Mkongomani wa Lubumbashi, Mwomani ambaye nyanya yake alizaliwa Lamu: wote hawa, mbele ya sheria ya ardhi ya Kenya, wamo katika fungu moja na Mwitaliano wa Malindi na Mwingereza wa Nanyuki. Ni wageni. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza kutumika Julai 2010 lilifungua milango mingi ya kazi na biashara, lakini itifaki yake yenyewe iliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi. Kwa hivyo dalali akikuambia kwamba sisi sote ni jumuiya moja na hapa huna ugeni, mshukuru kwa ukarimu wake, kisha uendelee kufuata sheria inayomhusu mgeni.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka nyumba, ploti au fleti ndani ya Kenya, na nitakaa zaidi upande wa pwani. Huko ndiko wanunuzi wengi wanaozungumza Kiswahili huelekeza macho, na huko ndiko ardhi ina mambo mengi ambayo hati haiyasemi. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: sehemu nzito ya muda wako na pesa zako za matayarisho iende kwenye kuijua historia ya ardhi unayouziwa, hatua kwa hatua, hadi kwa mwenyewe wa kwanza. Sahihi na malipo vije baadaye.

Unachouziwa ni miaka

Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kwamba asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa njia ya ukodishaji wa muda tu, na muda huo, utolewe kwa namna yoyote ile, hauwezi kupita miaka 99. Hata mkikubaliana na muuzaji na kuandika katika mkataba kwamba anakuuzia umiliki wa kudumu, Katiba inayahesabu maneno hayo kuwa yamekupa miaka 99, basi.

Miaka 99 inatosha kwa maisha ya mtu na ya mtoto wake. Tatizo ni kwamba mara nyingi huuziwi miaka 99 mizima, unauziwa iliyosalia. Mashamba na viwanja vingi vya Nairobi na Mombasa vilitolewa na serikali kwa ukodishaji tangu enzi za mkoloni. Ukodishaji wa miaka 99 ulioanza 1950 unaisha 2049. Nyumba iliyo juu yake inaweza kuwa imara, rangi mpya, bustani safi, lakini mnunuzi anapokea chini ya robo ya karne. Kwa raia hilo halitishi sana, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 13, inataka mwenye ukodishaji uliokwisha apewe nafasi ya kwanza kabla ya mtu mwingine, mradi ardhi haihitajiki kwa manufaa ya umma. Soma kifungu hicho hadi mwisho, maana kinaweka sharti jingine: awe raia wa Kenya. Mgeni hana nafasi hiyo. Ndiyo maana swali lako la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Liwe hili: ukodishaji ulianza mwaka gani, na ni wa miaka mingapi?

Kuna hali ya pili ambayo huwachanganya watu, hasa Malindi, Watamu na Diani ambako wauzaji wengi nao ni wageni. Mzungu aliyenunua miaka ya themanini anakuonyesha hati ya umiliki wa kudumu, ya kweli kabisa, yenye jina lake. Hati hiyo imekwisha kubadilika hata kama karatasi haijabadilika. Katiba mpya ilipoanza kufanya kazi tarehe 27 Agosti 2010, umiliki wote wa kudumu uliokuwa mikononi mwa wasio raia ulirudi kwa Jamhuri, na wenyewe wakapewa ukodishaji wa miaka 99 tangu siku hiyo. Hesabu yake inaishia 2109. Muuzaji wa namna hiyo hana umiliki wa kudumu wa kumuuzia mtu yeyote, na bei anayoitaka inapaswa kuangaliwa kwa jicho hilo.

Njia za mkato na mahali zinapokatikia

Watu watakushauri ufungue kampuni. Katiba ilikwisha kuliona hilo: kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu hisa zake zote zinapomilikiwa na raia. Hisa moja ikiwa yako, kampuni nzima ni mgeni na inarudi kwenye miaka 99. Amana inayoshika mali kwa niaba yako nayo ni hivyo hivyo. Wote wanaonufaika nayo lazima wawe raia. Kampuni inaweza kuwa na faida nyingine, kama vile wepesi wa kuuza hisa, lakini haikubadilishii uraia.

Ushauri wa pili utakaoupata ni kuandikisha ardhi kwa jina la rafiki au mchumba Mkenya, huku mkiwa na karatasi yenu ya pembeni. Sipendi kabisa njia hii. Sajili inamtambua mwenye jina. Siku mkikosana, au siku yeye akifa na warithi wake wakaja na cheti cha kifo, wewe ndiye utakayebeba mzigo wa kuthibitisha mahakamani kwamba pesa zilikuwa zako na kwamba mlikusudia kitu ambacho Katiba yenyewe haikiruhusu. Ndoa ni jambo tofauti kidogo. Kuoa au kuolewa na Mkenya hakukupi uraia papo hapo. Baada ya miaka saba ya ndoa unaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Kabla ya hapo mnaweza kununua pamoja, na mali ya ndoa ina ulinzi wake, lakini wakili aandike wazi nani ametoa nini na kila mmoja ana haki gani.

Na kama wewe mwenyewe ulizaliwa Mkenya ukapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine kabla ya 2010, usianze na ardhi. Anza na uraia. Kifungu cha 14 cha Katiba kinakupa haki ya kuurudisha kwa kuomba, na Kenya sasa inaruhusu uraia wa nchi mbili. Ukiupata, sura yote ya miaka 99 haikuhusu tena. Ila uangalie upande wa pili: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kikongomani hauchanganywi na mwingine, na Oman nayo ni kali. Wakenya wa asili wenye pasipoti za Uingereza, Marekani au Kanada hawana kikwazo hicho, na nawasihi wengi wao waliokawia kuurudisha uraia waende ubalozini wakaulize.

Ardhi ambayo usiiguse

Ardhi ya kilimo ndiyo mtego mkubwa. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, sura ya 302, ununuzi wa ardhi ya kilimo unahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya eneo hilo, na bodi imeagizwa na sheria ikatae pale mnunuzi anapokuwa si raia. Idhini isipopatikana, mauziano ni batili. Unaweza kudai urudishiwe pesa zako kama deni, lakini kumdai mtu aliyekwisha kuzitumia ni safari nyingine, na kuikalia ardhi hiyo kwa mauziano batili ni kosa la jinai. Rais ana uwezo wa kutoa msamaha kwa ununuzi fulani. Usijenge mpango wako juu ya msamaha ambao bado hujaushika mkononi.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba ardhi ya kilimo haiko tu kule kwenye mahindi na chai. Ekari mbili za mikorosho nje ya mji wa Kilifi, mahali pazuri pa kujenga nyumba ya kupumzikia, zinaweza kuwa bado zimeandikwa kilimo. Muuzaji anayetaka kumuuzia mgeni hana budi kwanza abadilishe matumizi ya ardhi kupitia serikali ya kaunti, yakawa ya makazi au biashara, na mabadiliko hayo yaingie katika sajili. Afanye yeye, kwa gharama yake, kabla ya mkataba. Ahadi kwamba mtabadilisha baadaye ni ahadi ya kukuachia tatizo lake.

Mwaka 2016 yaliongezwa masharti mengine kuhusu ardhi inayoitwa ya udhibiti: iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu, na ile iliyo safu ya kwanza na ya pili kutoka mahali maji ya Bahari ya Hindi yanapofika yakijaa. Mgeni hawezi kununua huko bila idhini ya maandishi ya Waziri wa Ardhi. Kwa hivyo ile ploti ya Diani unayoona mawimbi ukiwa barazani, au nyumba ya Lunga Lunga karibu na mpaka wa Tanzania, zote zina mlango wa ziada. Idhini itangulie malipo. Na ufuo wenyewe, kati ya maji kujaa na maji kupwa, ni ardhi ya umma kwa mujibu wa Katiba. Hakuna anayeweza kukuuzia mchanga huo wala kukupa haki ya kuwazuia wavuvi kupita.

Mizizi ya hati

Kwa muda mrefu Wakenya waliamini kwamba mtu akinunua kwa nia njema, akalipa bei halali, akapewa hati na serikali, basi amelindwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema vingine katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa. Ploti ilikuwa Nyali, kando ya bahari. Ilikuwa imegawiwa Rais wa wakati huo Daniel arap Moi mwaka 1989, ikauzwa kwa kampuni moja, kisha ikauzwa kwa Dina. Hati ilikuwepo. Kaunti ikaingia na kubomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni, ikisema mahali hapo palikuwa uwanja wa wazi wa umma tangu mwanzo. Mahakama ikakubaliana na kaunti: ugawaji wa kwanza haukufuata utaratibu, na kitu ambacho hakikuwa halali kwenye shina hakiwezi kuhalalishwa na mnunuzi wa tatu kwa sababu tu yeye hakujua.

Naomba msomaji asiipite hukumu hii haraka. Inamaanisha kwamba upekuzi wa sajili, ile karatasi moja inayosema ardhi ni ya fulani na haina rehani, ni mwanzo tu wa kazi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, tangu zamani ilikuwa imesema kwamba hati inaweza kufutwa kama ilipatikana kwa ulaghai, au kinyume cha sheria, au bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Hukumu ya Nyali imeonyesha kwamba maneno hayo yana meno.

Kwa hivyo mtake wakili wako akuletee zaidi ya upekuzi. Akuletee nakala ya kadi ya sajili yenye orodha ya wote waliowahi kumiliki, kuanzia wa kwanza. Kama ardhi ilitoka serikalini, akuletee barua ya ugawaji, ushahidi kwamba masharti yake yalitimizwa na malipo yakafanywa, na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Aangalie ramani za zamani za mtaa huo aone palipangiwa kuwa nini: shule, soko, njia, makaburi? Mwaka huo huo wa 2023 Mahakama ya Juu ilisema pia, katika kesi ya Torino Enterprises, kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki. Ukiuziwa kwa barua hiyo tu, hata ikiwa na mihuri mingapi, bado hakuna ardhi ya kuhamishwa.

Saveya aliyesajiliwa umwajiri wewe, asiletwe na muuzaji. Atakuonyesha mawe ya mipaka, atapima, na atalinganisha na ramani ya afisi ya ardhi. Mara nyingi ploti unayotembezwa na dalali siyo ile yenye nambari iliyo kwenye hati. Iko ploti mbili tatu pembeni, na ya kweli ni bonde la maji.

Mambo ya pwani yasiyoandikwa

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze kwa afisa, na ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliojua kusoma matangazo na waliokuwa karibu na afisi walijiandikisha. Wamijikenda wengi na Waswahili wengi hawakuandikwa. Vizazi vyao vimeendelea kuishi, kulima na kuzikana pale pale, na sheria ikawaita maskwota kwenye ardhi ya watu ambao pengine hawajawahi kuiona. Hii ndiyo sababu unaweza kupewa hati safi ya ekari kumi Kilifi au Kwale, ukaenda ukakuta kijiji.

Usinunue ardhi yenye watu kwa kuahidiwa kwamba wataondolewa. Nasema hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya haki, nami naiona kubwa: watu hao wana madai ambayo nchi yenyewe bado haijayamaliza, na pesa ya mgeni haipaswi kuwa ndiyo inayowang'oa. Ya pili ni ya kisheria. Aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 waziwazi, bila ruhusa na bila kusumbuliwa, anaweza kwenda mahakamani kuomba aandikishwe kuwa mwenyewe. Haki za ukoo zinazotokana na mila nazo mahakama imezitambua kuwa zinaishinda hati hata kama hazikuandikwa popote. Nenda mahali penyewe, zaidi ya mara moja, bila dalali. Keti na wazee. Muulize mwenyekiti wa mtaa na chifu. Waulize majirani nani alipanda minazi ile na nani huvuna nazi zake, maana pwani mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine. Tafuta makaburi. Kaburi lililofagiliwa lina watu wanaokuja, na watakuja kwako. Ukiona kipande cha msitu mzito ambacho watu hawakikati kuni, huenda ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Misitu ya kaya za Mijikenda imelindwa kisheria na baadhi yake imo katika urithi wa dunia tangu 2008.

Mombasa ina jambo lake jingine, nyumba bila ardhi. Katika mitaa ya Majengo, Kisauni au Likoni, mwenye ardhi ni mmoja, mwenye nyumba ni mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Ni utaratibu wa miaka mingi na Waswahili wengi wameishi humo na kulea watoto. Lakini kwa mgeni anayetaka kuweka akiba yake, ni mahali pa hatari: unapewa makubaliano ya mauziano ya kuta na paa, huandikwi kwenye sajili ya ardhi, na mwenye kiwanja akikiuza kwa mjenzi wa ghorofa huna pa kusimama. Ukisikia bei rahisi mno katika mitaa hiyo, uliza kwanza kama ardhi imo.

Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu vinahitaji maswali mawili zaidi. Je, nyumba ni wakfu? Mali ya wakfu haiuzwi, na Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa ndiyo inayoweza kukujibu. Je, ni ya mirathi? Nyumba ya mawe ya Lamu inaweza kuwa na warithi ishirini, wengine Muscat, wengine Dubai, na anayekuuzia ni mmoja tu aliyebaki na funguo. Sheria ya Mirathi hairuhusu nyumba au ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya mahakama kuthibitisha usimamizi wa mirathi. Dai karatasi hiyo yenye muhuri, na majina ya warithi wote na sahihi zao. Ukishanunua, jua pia kwamba Mji wa Kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001. Ukarabati wako, hata wa mlango na madirisha, unapitia kwa wahifadhi wa Makavazi ya Kitaifa.

Mkataba na pesa

Baada ya hayo, hatua zilizobaki ni za kawaida. Pata wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji hata kama wanasema itapunguza gharama. Hakikisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana cheti cha kufanya kazi mwaka huo. Dalali naye anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya madalali wa nyumba na ardhi. Wengi wa barabarani hawakusajiliwa. Utahitaji nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, na mgeni asiyeishi Kenya huipata kwa pasipoti kupitia mtu aliyeko nchini.

Mauziano ya ardhi lazima yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa; mapatano ya mdomo hayadaiwi mahakamani. Kwa desturi mnunuzi hutoa asilimia 10 mwanzoni, na mauziano hukamilika ndani ya siku 90. Asilimia hiyo ikae katika akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji, ashikilie kwa niaba ya pande mbili, isifike mfukoni mwa muuzaji. Mkataba utaje wazi kwamba wewe si raia, unapokea ukodishaji wa miaka mingapi, na kwamba idhini fulani isipotoka unarudishiwa kila senti. Salio lilipwe ardhi ikishahamia jina lako, dhidi ya ahadi rasmi ya wakili wako au benki yako. Mawakili wamezoea utaratibu huo. Muuzaji anayeukataa kwa nguvu na kutaka pesa taslimu wiki hii amekwisha kukupa jibu.

Kabla ya kuhamisha, muuzaji alete hati halisi, cheti cha kaunti kwamba hadaiwi ada za ardhi, cheti cha kodi ya ardhi ya serikali kama ni ukodishaji wa serikali, idhini ya kuhamisha, na ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa. Hii ya mwisho isidharauliwe. Mauziano ya nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke au mume yamevunjwa mahakamani mara nyingi. Kisha mthamini wa serikali anakadiria thamani, nawe unalipa ushuru wa stempu: asilimia 4 mijini, asilimia 2 vijijini. Muuzaji ndiye anayelipa kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, na mkataba useme hivyo ili isije ikakuangukia. Nairobi shughuli nyingi sasa hupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021, na mfumo huo umekuwa ukienezwa katika kaunti nyingine. Kwingine bado ni mafaili. Hati ikitoka, fanya upekuzi tena uone jina lako kwa macho.

Kuingiza pesa Kenya hakuna kizuizi cha fedha za kigeni tangu 1995, wala kuzitoa. Benki zitauliza chanzo chake. Tuma kwa benki hadi benki, weka kila risiti, maana siku ya kuuza na kurudisha pesa kwenu ndizo zitakazokutetea. Ukishindwa kuwepo, hati ya uwakilishi isainiwe mbele ya mthibitishaji wa sheria au ubalozi wa Kenya huko uliko, ielekeze ploti moja kwa nambari yake, na isajiliwe.

Fleti, na nyumba ambayo haijajengwa

Kwa wageni wengi wa mjini, fleti ndiyo njia yenye matatizo machache, nami huipendekeza kwanza. Haina suala la kilimo, na Sheria ya Mali ya Sehemu ya 2020 inampa kila mwenye fleti hati yake mwenyewe, pamoja na sehemu yake katika ardhi na maeneo ya pamoja. Majengo ya zamani yalikuwa na mpango mwingine wa ukodishaji wa ndani na hisa katika kampuni ya usimamizi. Uliza jengo limekwisha kubadilishwa au bado, na uone hesabu za mfuko wa matunzo: kuna deni gani la maji, lifti na walinzi?

Nyumba inayouzwa ikiwa bado ni mchoro ni habari nyingine. Kenya haina sheria inayomlazimu mjenzi kuweka pesa za wanunuzi katika akaunti maalumu ya dhamana kama ilivyo Dubai. Wanunuzi wengi, wakiwemo Wakenya walio ughaibuni, wamelipia mashimo ya msingi. Ukiamua kuingia, lipa kwa hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi wako, na uone kwamba ardhi chini yake haijawekwa rehani ambayo benki inaweza kuiuza mkiwa wote mmelipa.

Ukishakuwa na nyumba

Kumiliki nyumba hakukupi ruhusa ya kuishi Kenya. Kibali ni ombi lingine, kwa idara ya uhamiaji. Ukiipangisha na wewe huishi nchini, kodi inayokatwa kwenye pango la asiye mkazi ni asilimia 30 ya pango lote, hesabu ambayo watu husahau wanapopiga bajeti. Lipa ada za kaunti kila mwaka na kodi ya ardhi ya serikali ikiwa ipo. Mwachie ufunguo mtu unayemwamini, na apite mara kwa mara: ploti tupu ya mtu aliye mbali huota ukuta wa jirani.

Andika wosia. Nyumba na ardhi iliyo Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya, popote ulipokuwa ukiishi. Uamuzi wa mirathi uliotolewa na mahakama ya nchi ya Jumuiya ya Madola, kama Tanzania, Uganda au Uingereza, unaweza kutiwa muhuri na Mahakama Kuu ya Kenya ukatumika. Kwa nchi nyingine warithi wako huenda wakalazimika kuanza upya Nairobi au Mombasa. Waachie nakala ya hati, nambari ya ploti, jina la wakili, na mwaka ambao ukodishaji unakwisha.